Nilibadilisha Kamera ya Baba, na Mama Alikuwa Ndani

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, usije ukasoma huku unamtafuta mwingine wa kumlaumu. Hayupo. Ni mimi!

Mimi ni bibi wa hapa Rwezamenyo, Kigali. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo unisamehe mwandiko. Lakini jina la mtu likiniingia kichwani halitoki. Watu wa mtaa wakisahau marehemu fulani alikuwa mtoto wa nani, wanakuja kuniuliza mimi.

Baba yangu yuko hai, alhamdulillahi. Anakaribia miaka tisini. Macho yanaona bado, masikio nusu nusu, ulimi ndio mkali kuliko wa kijana.

Yeye alikuwa na kamera yake ya dijitali, mwenyewe akiiita apareyi, kwa Kifaransa chake cha zamani. Aliletewa na ndugu yangu Selemani alipokuwa akifanya kazi Dubai. Ndogo, rangi ya fedha, kioo kimepasuka pembeni, kifuniko cha betri kimefungwa kwa raba ili kisifunguke. Ilikuwa ikining'inia msumarini juu ya kitanda chake.

Kila siku akishaswali Alasiri, baba alikuwa anakaa kwenye benchi ya kibarazani, anaiwasha, anabonyeza. Picha moja, nyingine, nyingine. Ananiita. "Huyu nani?" Namwambia: huyo ni Hamadi fundi cherehani. "Na huyu?" Huyo Zaina wa Mzee Ramadhani, ule mwaka alionenepa. Anacheka, anabonyeza tena.

Mpaka anafika kwa mama. Akifika kwa mama, haulizi. Anamtazama, kisha anazima. Ndiyo mwisho wa siku.

Mama yangu, marehemu Mwanaidi, maisha yake yote alikataa kupigwa picha. Iddi yake ya mwisho akasema, "Haya, piga moja tu, uniache." Baba akapiga. Mama ameshika sahani ya pilau, anacheka, na meno hana. Moja tu. Haikutolewa kwenye karatasi, maana baba alisema mke wake hatatundikwa ukutani watu wamwangalie.

Yote hayo nilikuwa nayajua! Ndiyo maana nasema kosa ni langu.

Ilianzia kwenye nikahi ya mjukuu wangu Shamimu. Baba akasimama mbele ya maharusi na apareyi yake, raba ikakatika, betri ikaanguka kwenye sinia ya wali. Watu wakaangua kicheko. Bi Asha, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema kwa sauti, "Yebaba wee! Apareyi ya mzee imefungwa kama mzigo wa mkaa!"

Baba mwenyewe alicheka. Akaokota betri, akaifuta wali, akasema, "Asha, hata wewe umefungwa kwa kanga, na bado unafanya kazi." Wakacheka zaidi.

Mimi sikucheka. Niliona aibu. Nikajiambia nitamnunulia mzee mpya, nimfurahishe. Uongo! Sikuwa namfurahisha yeye. Nilikuwa nafunga mdomo wa Asha.

Basi mchana mmoja baba amelala, nikaitoa apareyi msumarini, nikaitia kwenye mkoba, nikapanda pikipiki mpaka Muhima, kwenye duka moja la simu na kamera. Kijana wa pale anaitwa Innocent. Akanionyesha kamera mpya, nyeusi, inang'aa. Akasema nikimwachia ile ya zamani atanipunguzia bei, yeye atachukua vipuri.

Sasa na picha? Utaniuliza. Mimi nilidhani picha zinamfuata mwenyewe. Si nikinunua simu mpya wajukuu wananihamishia watu wangu wote, nakuta majina yamo? Nikajua na kamera ni hivyo hivyo. Nikanyamaza, nisionekane mshamba.

Innocent akafungua ile ya zamani, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha dukani, akiniita bibi kizee kwa Kinyarwanda, "Mukecuru, na karata yake iko ndani. Karata ya mzee, nikupatie?"

Karata!

Ngoja nikueleze neno hilo kwetu ni nini. Baba ujanani alicheza karata. Alicheza mpaka mama akafunga nguo zake, akarudi kwa kaka yake Butare, na mimi mgongoni. Baba akamfuata. Akaapa mbele ya wajomba, akazichoma karata zake uani kwao, moshi ukaonekana na majirani. Toka siku hiyo hata neno lenyewe nyumbani kwetu halikutajwa. Mtu akilazimika, anasema "zile karatasi".

Na huyu mtoto ananiambia mbele ya wateja, karata ya mzee!

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Wewe! Unamjua baba yangu? Baba yangu aliacha karata baba yako hajazaliwa! Kwetu karata haziingii, sikia vizuri, haziingii!"

Duka zima likacheka. Innocent akainua mikono. "Basi mukecuru, ihangane, uniwie radhi, nimekosa. Nabaki nayo."

"Baki nayo!" nikasema. Nikatoka kichwa juu, kama nimeshinda kesi.

Baba alipoamka nikampa ile mpya. Akaigeuza, akainusa. "Nzuri. Inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Na ile?"

"Ile imechoka, baba. Imepumzika."

Alasiri akakaa kwenye benchi. Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Mbona humu hakuna watu?"

"Wanahamia, baba. Mashine ni mpya, wanakuja kidogo kidogo."

Hapo nilikuwa nasema ninachokiamini. Lakini ili nihakikishe, nikatoka nje ya ua, nikampigia simu Shamimu, nikamuuliza picha zinachukua muda gani kuhamia. Akaniuliza, "Bibi, karata yake uliitoa?"

"Karata gani, mwanangu?"

"Karata ya kamera, Bibi! Picha zote zinakaa kwenye karata!"

Kesho yake asubuhi nilikuwa Muhima duka halijafunguliwa. Innocent alipokuja akanionyesha karata ya kamera nyingine, nijue ni nini. Kitu kidogo, kama ukucha wa kidole gumba. Baba yangu, mama yangu, Hamadi, Zaina, wote walikaa kwenye ukucha!

"Na ya baba?"

Akainamisha kichwa. Alikuwa ameifuta yote ikawa tupu, akamuuzia mpita njia aliyekuwa anawahi basi la kwenda mkoani. Hamjui jina. "Mukecuru, mimi nilikuuliza. Ulisema kwenu haziingii."

Kweli aliniuliza. Nilikaa kwenye ngazi za duka lake nikalia, watu wakapita wakidhani nimefiwa. Na nilikuwa nimefiwa.

Kama ningerudi nikasema ukweli siku ile ile, ungenihurumia. Sikusema!

Baba akiniuliza, "Bado?", namjibu, "Bado, baba." Kila Alasiri. Yeye hakasiriki, ndilo linaloniua! Siku moja akasema, "Labda mama yako ndiye anawachelewesha wote. Unaujua ule mguu wake, hakuwahi kutembea haraka." Akacheka peke yake. Mimi nikaingia ndani, nikauma kitambaa cha kichwa nisitoe sauti.

Jirani wakipita wanamtania, "Mzee, apareyi mpya, tupige basi!" Anawajibu, "Ngojeni kwanza wenyeji wafike, ndiyo niwakaribishe wageni." Hakupiga picha hata moja. Alikuwa anamwachia mama nafasi yake.

Mpaka Ijumaa moja ya mwezi uliopita, baada ya swala. Alikuja na kanzu yake safi, akakaa, akawasha, akaniita nikae karibu. Akasema, "Leo nadhani watafika. Ni Ijumaa."

Nikashindwa. Nikashuka chini, nikamshika magoti, nikamwambia yote. Asha, nikahi, Muhima, Innocent, karata. Neno lenyewe nikalitaja ndani ya ua wa baba yangu kwa mara ya kwanza katika umri wangu wote.

Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia. Akanizuia kwa mkono.

"Kwa hiyo karata zimemuondoa mama yako mara ya pili," akasema.

Kisha akasema, "Mara ya kwanza nilimfuata Butare, nikamrudisha. Safari hii nimfuate wapi?"

Hakunipiga wala hakunilaani. Afadhali angenilaani! Alizima ile kamera mpya, akanikabidhi, akasema niitundike pale pale msumarini. Ipo hadi leo, inang'aa.

Ewe unayesoma, kama una mzazi na kitu chake kibovu kibovu, usikimbilie dukani. Kaa naye kwanza kwenye benchi umwone anakitumia kufanya nini. Muulize. Mzazi si mtoto wa kushtukizwa na zawadi! Na fundi akikutajia neno usilolijua, au unaloliogopa, meza kiburi chako umwambie, "Nionyeshe." Mimi ningesema neno hilo moja, mama angekuwa nyumbani.

Sasa Alasiri baba ananiita bado. Hana cha kushika, mikono inakaa tu magotini. Ananiambia, "Haya, taja." Nami nataja. Hamadi. Zaina wa Ramadhani. Wote ninao, kwa mpangilio wao, hakuna anayenipotea. Tukifika kwa mama, anataka nimweleze. Namweleza sahani, namweleza kicheko, namweleza fizi.

Jana nikasema, "Na kanga yake ya kijani."

Akageuka. "Ya bluu."

"Kijani, baba. Naikumbuka."

"Bluu, mwanangu. Mimi ndiye niliyempiga picha."

Tukatazamana. Sijui ni nani kati yetu aliyekosea, na hakuna tena pa kuangalia.