Maji ya Upande wa Mama Mkwe

Mtaani tulimwita Futikamba. Ni fundi bomba, na hata kabati la jirani alilipima kwanza ndipo asaidie kulibeba. Mkewe ni dobi.

Mkewe alipoletewa kazi ya mashuka ya nyumba ya wageni, aliogopa kuikubali kwa sababu ya shida ya maji. Futikamba akamwambia aichukue, maji ya mvua ya paani yatatosha. Hakupima mabati, kwa kuwa mteremko hudanganya. Alipima eneo la chini linalofunikwa na paa, urefu kwa upana. Alimweleza kwamba mita moja ya mraba ikipata milimita moja ya mvua, hiyo ni lita moja. Akazidisha kwa mvua ya mwezi, akapunguza kidogo kwa ajili ya yanayoruka na kuvuja. Akafunga gata la kukinga maji ya paa upande wa mbele, chini yake tangi kubwa.

Mvua ikanyesha vizuri, lakini tangi halikufika hata nusu. Mashuka yalirundikana hadi dirishani.  Futikamba akapanda ngazi kutafuta panapovuja. Hapakuvuja popote. Mteremko wa nyuma ulimwaga maji uani kwa mama mkwe wake, anayeishi chumba cha nyuma, kwenye mapipa ambayo Futikamba mwenyewe humsaidia kuyasafisha. Alikuwa ameyahesabu maji ya pande zote mbili kuwa yake.

Mama mkwe akamuuliza anatafuta nini huko juu. Akashuka, akasimama mbele yake akitazama chini, akamweleza.

"Basi funga gata na huku, baba," alisema mama kwa upole. "Umeshayahesabu, mimi ni nani niyazuie?"

Afadhali angemtukana.

"Hapana, mama. Hayo ni yako."

Asubuhi tulimkuta bombani na mkokoteni wa madumu. Mwenzetu mmoja akamuuliza, "Fundi, tangi limehama?" Siku nyingine angekuwa na jibu la kutuchekesha.

"Tangi lipo," alisema. "Nilipima na maji ya mama mkwe."

Tulicheka, na hakuna aliyempisha. Alingoja zamu yake kama sisi. Alisomba maji hadi shuka la mwisho likaanikwa, na kila alipopita mlango wa nyuma alikaza macho kwenye gurudumu la mkokoteni.