Kofia ya Timu Inayoshindwa

Jumatatu asubuhi, nikiwa kwenye basi la mtaa wa Flagey, maman mmoja Mkongomani alipanda amevaa kofia ya timu ya besiboli ya mtaani kwao. Msimu ndiyo kwanza umeanza, na timu hiyo haijashinda hata mechi moja. Papa mmoja anayefahamiana naye, aliyekuwa ameshakaa, alimcheka bila kificho.

"Maman, ungali unavala iyo kofia? Bale banapiga upepo tu na fimbo yabo!"

Maman aliivua, akaipangusa kwa kiganja, akaivaa tena.

"Bon, jana dimanche nilikuwa pale uwanjani mpaka mwisho, na mvua yote. Nilibapelekea beignets, mandazi ya moto. Muntu anakosa mpira mara tatu, anaenda kukaa, zamu yake ikifika anasimama tena."

"Donc unaenda kufanya nini, kama banashindwa kila dimanche?"

"Papa, bwana yangu alipokufa ulikuja kwa matanga, ukakaa na sisi siku tatu. Ulikuwa unangoja eti afufuke?"

 Papa akauliza polepole, "Dimanche munaanza saa ngapi?"

Mimi, ambaye timu yangu ikifungwa mara mbili naficha jezi kabatini, nilisogea karibu niisikie hiyo saa.