Namba Moja Mara Sita

Nilisoma hadi darasa la nne na sioni haya kulisema. Kuchimba visima nilijifundisha mwenyewe, nikiwa kijana nalala Kipsongo, mtaa wa mabanda, natoka asubuhi na sururu begani kuzunguka Kitale nikitafuta boma linalotaka maji. Kwa sururu hiyo nilinunua shamba Matulo, kando ya Nzoia, na kusomesha watoto watano. Kwa hivyo watu wa maji walipotaka mtu wa kusoma kipimo cha mto Nzoia, hawakuniokota barabarani. Waliuliza ni nani haogopi maji na halewi, wakaletwa kwangu.

Kazi yenyewe si ngumu, ila haina Jumapili. Ubao wenye alama za mita na sentimita umesimamishwa majini, karibu na ukingo. Asubuhi unateremka, jioni unateremka, unaangalia maji yamegusa wapi, unaandika kwenye kitabu. Kila siku ina visanduku viwili. Nimefanya hivyo miaka ishirini na mbili. Nikienda soko Bungoma, mke wangu alisoma ya jioni, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Ofisa wa kwanza kunipa kitabu aliniambia neno moja: "Mzee, kisanduku kitupu ni mtu hajafanya kazi." Nililishika hilo neno kama amri ya kanisani. Hapo ndipo makosa yangu yalipoanzia, na nitayasema mwenyewe kabla mtu hajanisemea.

Mke wangu alifariki wakati wa mvua kubwa. Siku tatu za matanga sikuteremka mtoni. Mwanamume hawezi kuacha maiti ya mkewe uwanjani, watu wanaimba, ati aende kuangalia ubao. Na mto nao ulichagua siku hizo hizo. Ulipanda hadi mahali sijauona tena, ukaingia kwenye kinu cha posho, cha kusagia mahindi, kilicho juu ya ukingo. Baada ya mazishi nilikuta visanduku sita vitupu.

Nilienda kinuni. Tope lilikuwa limechora mstari ukutani, sawa kama umepigwa na fundi. Nikachukua mpira wa maji, ule mwembamba wa kuonyesha ndani ambao mafundi hupimia usawa wa msingi. Mwisho mmoja nikaushika kwenye mstari wa tope, mwingine mwanangu akaupeleka hadi kwenye ubao, maji ya mpira yakatulia, tukapata urefu. Nikaukata ule mstari kwa patasi ukutani usifutike. Ile namba nikaiandika asubuhi, jioni, asubuhi, jioni, mpaka visanduku vyote sita vikajaa. Mto ulifika hapo. Siku gani na saa ngapi, sikujua.

Mwaka uliofuata nililetewa msichana wa chuo kujifunza kazi. Alikaa kwetu miezi mitatu, akala jikoni kwangu, akaniita Kuka, yaani babu, kama wajukuu wangu. Nilimfundisha apige magoti, jicho liwe sawa na maji, kwa sababu ukisoma umesimama unadanganywa. Nilimwonyesha maji mekundu ya mashamba ya Trans-Nzoia na yale ya mlimani yanayokuja na majani. Yote aliandika. Jioni moja, tukichambua maharagwe, nilimweleza habari ya namba moja mara sita. Akasema, "Kuka, hiyo ndiyo namba ya maana kuliko zote humu ndani."

Nilimpenda kwa neno hilo.

Miaka ikapita, akawa ofisa. Mwaka jana akanipigia simu. Kulikuwa na mafunzo Kitale, wiki nzima, ya watu walio kazini tayari, wa maji, wa barabara, wa kilimo. Wanafundishwa kuutengeneza mto ndani ya kompyuta. Unaipa mvua, unaipa milima na mabonde, unaipa vipimo vya zamani, nayo inakuonyesha maji yatafika wapi. Wanaita modeli. "Leta vitabu vyote, Kuka," akasema. "Vitabu vyako ndivyo vitailisha."

Nilivaa koti. Vitabu nikavifunga kwenye katoni ya sabuni, nikaipakata mapajani safari nzima.

Siku mbili za kwanza nilikaa nyuma karibu na birika la chai, nikifurahi. Watu wenye shahada wanafungua mwandiko wa mke wangu kwa ncha za vidole! Siku ya tatu somo lilikuwa kusafisha vipimo, kutoa vibaya na kubakiza vizuri. Aliyesimama kufundisha ni yeye, yule msichana wangu. Akawasha projekta, na ukutani ukatokea ukurasa wangu, mkubwa kama mlango.

"Angalieni hapa," akasema. "Namba moja mara sita. Mto unaweza kusimama siku tatu?"

"Labda ulifungwa kamba kama ng'ombe!" mmoja wa mbele akasema.

"Si huyo alikuwa anasoma akiwa kitandani, bana!"

Ukumbi ukacheka. Yeye pia akacheka, si sana, lakini meno yake niliyaona. Nikangoja aseme ile nusu nyingine, ya matanga, ya tope, ya mpira. Nilingoja vile unangoja mtoto wako akusalimie mbele ya wageni. Akauliza, "Kwa hivyo tunaufanya nini huu ukurasa?" Kisha akajijibu, "Tunautoa."

Nikasimama. "Huyo wa kitandani ni mimi," nikasema. "Nilikosea kuiandika mara sita. Ilikuwa niiandike mara moja na kueleza. Lakini maji yalifika, na alama iko ukutani mpaka leo."

Hakuna aliyecheka tena. Mkubwa wa mafunzo akanishukuru kwa adabu, akasema kompyuta inataka siku na saa, wakaendelea.

Wakati wa chai nilimkuta yule binti barazani.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Kompyuta haijui matanga, Kuka."

"Wewe unayajua. Ulikula kwangu."

Akaangalia viatu vyake. "Hizo namba ndizo nilizoandikia tasnifu ya shahada yangu. Nikisema nilijua zimejazwa vile, wataniuliza mbona nilinyamaza. Mkubwa wangu yuko humo ndani."

"Ukaona aibu heri iwe yangu."

"Wewe umeshafanya kazi yako, Kuka. Mimi ndio naanza."

Nilirudi ukumbini, lakini vitabu vilikuwa vimeshapigwa picha vyote, kwa hivyo hata kuvinyang'anya hakungesaidia kitu. Nilibeba katoni yangu nikaenda zangu.

Baadaye ramani ilibandikwa ofisini Bungoma. Nilikwenda kuiona kwa macho yangu. Rangi ya bluu, yaani mahali mafuriko yatafika, inaishia chini ya kinu, kwenye shamba la maharagwe la jirani yangu. Kinu kiko pakavu. Mimi nilitoa tope humo kwa koleo.

Jirani huyo ni mwalimu, amestaafu, ana pesa za kustaafu na haraka ya kujenga. Nilimkuta anachimba msingi upande wa juu wa maharagwe, chini ya kinu.

"Mwalimu, usijenge hapa."

"Mzee, nimeiona ramani. Hapa ni pakavu."

"Ramani imekosea."

Akanicheka kwa upole. "Si imetoka kwenye vitabu vyako? Pale chini wameandika, vipimo ni vya msomaji wa Matulo. Mimi niliposoma hivyo ndio nikaleta mawe. Nikasema, kama ni huyu mzee, basi."

Hapo ndipo niliumia, kuliko Kitale. Kule walinicheka wakanitoa. Huku wamenirudisha, nisimamie uongo.

"Ni vyangu," nikasema, "wakiwa wametoa ukurasa mmoja."

"Mmoja tu?"

Nikaenda nyumbani nikaleta mpira wa maji. Yeye akashika mwisho mmoja kwenye alama ya patasi, mimi nikasimama ndani ya msingi wake na mwingine. Maji yakapanda kwenye mpira, yakatulia sawa na kifua changu. Nikamwita aje aone. Alikuja, akaangalia kifua changu, akaangalia mto, ambao siku hiyo ulikuwa chini kabisa, mtoto angevuka.

"Labda ilikuwa mara moja tu, mzee."

"Ilikuwa mara moja. Ndiyo nakwambia."

Ameongeza kozi tatu, yaani safu tatu za mawe kwenye msingi. Kwa heshima yangu, anasema. Kozi tatu hazinifiki magotini.

Mwezi huu nilishikwa na malaria, siku mbili sikuteremka. Visanduku vinne nimeviacha wazi, na kando nimeandika: mgonjwa. Nimejifunza, ingawa si wao walionifundisha. Yule binti wa ofisini amepiga simu mara tatu akitaka kitabu cha mwaka huu. Nimemwambia aje akichukue mwenyewe, lakini apite kwanza kinuni, apige magoti, asome ukuta.

Hajaja. Mvua imeanza, na fundi wa mwalimu ameshafika kwenye linta, juu ya madirisha.