Duara Katika Safu ya Tatu

Stoo iliyo nyuma ya duka la mama hapa Kapsoit ina dirisha moja. Nililiziba kwa magunia mawili na gundi, nikazima taa, nikasimama gizani nikitafuta tundu la mwanga. Sikuliona. Nikawasha taa, nikaizima tena, nikatafuta upya. Afadhali niseme mapema kwamba ndivyo nilivyo. Sijawahi kufunga mlango mara moja nikaondoka.

Mama anauza mahindi, maharagwe na ndengu. Vumbi la nafaka haliishi kwake, na kazi niliyotaka kuifanya haitaki vumbi hata chembe. Kwa hiyo ndani ya stoo nilijenga kibanda kingine cha mbao nyembamba, nikakifunika kwa karatasi ya nailoni. Kilitosha meza moja na mtu mmoja. Juu ya meza niliweka hadubini kuukuu niliyopewa na mwalimu wangu wa zamani wa fizikia, kamera ya kompyuta niliyoing'oa lenzi, na taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno.

Kiwanda kidogo cha chipu, katika kaunti nyingine, kilikuwa kinatafuta vijana wawili wa kufundishwa ukaguzi. Kilimtumia kila mwombaji kipande cha kisahani cha silikoni, ile sahani nyembamba ing'aayo kama kioo ambayo chipu nyingi huchorwa juu yake kwa pamoja. Barua iliyokuja nacho ilikuwa fupi. Tafuta dosari katika mchoro kwa kifaa chochote ulicho nacho. Tuma orodha na kipande chenyewe ndani ya wiki tatu.

Hawakuuliza cheti. Nilisoma barua yote nikitafuta mahali walipouliza, sikupaona, nikalia.

Chuo nilikiacha muhula wa pili. Watu wa kanisani wanadhani niliugua, na mama huwaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba sikuwasilisha kazi hata moja. Zote zilikuwa karibu kukamilika. Kila nilipofika ukurasa wa mwisho niliona kitu kwenye ukurasa wa kwanza, nikarudi. Baada ya hapo nilijifundisha mwenyewe kwa masomo ya bure ya mtandaoni, miaka miwili, peke yangu, nikiwa na daftari na laptopu inayozimika ikiguswa waya. Nikikosa nafasi hii sikuwa na mlango mwingine niliokuwa nikiujua.

Kwa nini urujuanimno? Mtu aliyewahi kuchanwa nywele akitafutwa chawa ataelewa. Kitana cha meno yaliyoachana hupita juu ya yai la chawa bila kulikamata, cha meno ya karibu hulikamata. Mwanga nao una mawimbi, na haya ya urujuanimno yamekaribiana kuliko ya mwanga tunaouona. Huweza kuonyesha mstari mwembamba ambao taa ya kawaida ingeuacha kama ukungu. Lakini jicho haliuoni mwanga huo, tena unalidhuru, kwa hiyo huchungulii. Unafunika kila kitu, kamera inapiga, picha inatokea kwenye skrini, ya kijivu, kimya kabisa.

Kazi yenyewe ni kulinganisha majirani. Chipu zote kwenye kisahani zimechorwa sawasawa, kwa hiyo unaiweka picha ya moja juu ya picha ya iliyo kando yake. Zikitofautiana mahali, unaita ya tatu iamue nani ana kosa.

Barua ilikuwa na onyo moja. Mchoro wa kipande kile ulikuwa bado ni utando laini, na utando huo hubadilika ukipigwa na mwanga ule ule wa kuukagulia. Sekunde mbili kwa kila picha, basi. Nilitengeneza swichi inayozima yenyewe baada ya sekunde mbili. Niliijaribu mara sitini kabla ya kukitoa kipande ndani ya kisanduku chake.

Siku ya nne nilikuwa nimeandika dosari tano, na sikuwa nimezungumza na mtu yeyote ila mama. Wenzangu wa mtandaoni wako nchi ambazo mimi nikiamka wao wanalala. Vijana wa rika langu hukaa kwenye pikipiki pale njia panda, nami hupita nikiangalia viatu vyangu. Nimezaliwa hapa. Babu yangu ndiye aliyekuja kutoka Murang'a, kwa Wakikuyu, akafungua duka hili. Kikipsigis, lugha ya hapa, nakisikia chote, mpaka mizaha. Kukisema ndiko nisikoweza, maana nilipokuwa mdogo nilikosea neno, duka zima likacheka, kicheko cha mapenzi tu, na toka siku hiyo mimi hujibu kwa Kiswahili. Siwezi kutoa sentensi yenye kosa.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye shamba la chai juu ya barabara, alikuja kununua maharagwe akaniona nikitoka stoo na kofia ya plastiki kichwani.

"Chamge," akanisalimu. "Wewe siku hizi unalalia mayai huko ndani?"

"Hapana, mama. Ni kazi."

"Kazi gani haina sauti? Hata kuku akilalia husema kitu." Akamgeukia mama. "Mama nafaka, yakianguliwa uniwekee jogoo mmoja."

Mama akacheka mpaka akapoteza hesabu ya gorogoro, kopo lake la kupimia, akamwaga akaanza kupima tena. Nilitaka kumweleza yule mama kuhusu mawimbi na mistari. Nilianza kupanga sentensi. Nilipomaliza kuipanga alikuwa amekwisha kwenda.

Asubuhi iliyofuata, safu ya tatu, chipu ya nne, niliona mstari wenye pengo. Mistari sita ilikuwa imelala sambamba, na wa pili kutoka juu ulionekana umekosa kipande katikati. Picha ilikuwa na ukungu kidogo kwa sababu lori lilikuwa limepita barabarani na meza ikatikisika. Nikaifuta picha ile, kwa kuwa haikuwa nzuri, nikapiga nyingine. Ya pili ilikuwa na giza upande mmoja. Nikaifuta. Katika ya tatu pengo lilionekana dogo kuliko mwanzo. Je, ni pengo, au ni mimi ninayelitaka? Nikaita chipu jirani. Nikarudi. Nikasogeza lenzi unywele mmoja. Nikarudi. Kila mara sekunde mbili, si zaidi, na kila mara nikaandika saa katika daftari, kwa sababu mimi huandika kila kitu.

Jumamosi mama alinilazimisha kutoka tukachume chai yetu kidogo kule shambani. Yeye huchuma akiongea, mikono inaenda yenyewe, majani mawili na kichipukizi, jani gumu linaanguka chini kabla hujajua ameliona. Kikapu chake kilijaa nami nikiwa sijafunika kitako cha changu.

"Mami," akaniita, "unachuma ama unayasomea?"

"Nataka karani wa kituo cha chai asiyakatae."

"Karani huangalia mara moja tu. Na mimi mara moja. Wewe umeshika hilo jani tangu ukoo wetu uje Kericho."

Nilicheka. Lakini nilipokuwa nacheka nilikuwa nawaza pengo, na mvua ilipoanza kunyesha mchana nilikimbia nikarudi kibandani.

Jumatatu, saa nne, nilipiga tena picha ya safu ya tatu, chipu ya nne, na skrini ikanionyesha kitu kipya. Duara jeupe, pana, juu ya mistari yote sita, na ndani yake mapovu madogo kama ya maziwa yanayoanza kupanda. Nilifurahi. Naandika hili kwa aibu, lakini kwa dakika kama tatu nilifurahi sana. Nilidhani nimepata dosari kubwa kuliko zote, iliyojificha, ambayo mwombaji mwingine hangeiona. Nikaanza kuipima upana wake.

Upana wake ulikuwa sawa na upana wa doa la taa yangu.

Nilikaa. Nilifungua daftari nikahesabu saa nilizoandika. Nilikuwa nimerudi mahali pale mara arobaini na moja. Sikuvunja agizo hata siku moja, kila picha sekunde mbili. Ila utando haukuwa ukianza upya kila nilipozima. Ulikuwa ukijumlisha. Nilijua jambo hilo, nilikuwa nimelisoma katika masomo yangu na kulipigia mstari, lakini sikuwahi kufikiri kwamba linanihusu mimi niliyekuwa mwangalifu kiasi kile. Mistari chini ya mapovu haikuonekana tena. Pengo, kama lilikuwepo, nilikuwa nimelichoma kwa kulitazama.

Siku tatu sikula vizuri. Ningeweza kuliandika duara lile kama dosari ya kiwandani. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuacha kutuma kabisa, na hilo ndilo mwili wangu ulilotaka, maana ndilo ulilolizoea. Mama alikuja akasimama nje ya nailoni, hakuingia kwa sababu ya unga mikononi.

"Uko sawa?"

"Niko sawa, mum."

"Mbona hausogei?"

Niliona kivuli chake kupitia nailoni, kisha mteja akaita na kivuli kikaondoka.

Alhamisi niliandika orodha. Dosari tano. Kisha nikaongeza: "Duara katika safu ya tatu, chipu ya nne, ni langu. Nililiangaza mara arobaini na moja, sekunde mbili mbili." Kuhusu pengo sikuandika lolote, kwa sababu sikuwa na picha hata moja ya kulithibitisha. Nilipeleka bahasha na kisanduku mjini Kericho kwenye ofisi ya vifurushi. Karani alipovichukua nilimwomba anirudishie nione tena nilivyoandika. Alinitazama, akavirusha kwenye mfuko nyuma yake, akaita, "Anayefuata!" Namshukuru mpaka leo. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyowahi kuwasilisha.

Baada ya majuma mawili simu iliita nikiwa napanga magunia. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, mkuu wa ukaguzi.

"Wewe ndiye wa duara?"

"Ndiyo, madam. Ni mimi."

"Arobaini na moja?" Hakuwa na hasira. "Mtu anahesabu hivyo kweli?"

"Nilikuwa nimeandika."

"Sawa. Niambie, chini ya hilo duara ulikuwa unatafuta nini?"

Nilisikia mashine zikivuma nyuma yake.

"Nilidhani mstari wa pili una pengo."

"Ulidhani hivyo mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Na hukuandika."

"Sikuwa na hakika, madam. Picha ya kwanza niliifuta. Haikuwa nzuri."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Pengo lilikuwepo. Tuliliweka sisi wenyewe, kwenye kila kipande. Ndilo tulilotaka kuona nani atalikamata. Wawili walilikamata, na hao ndio tumewachukua." Nikasikia akifunua karatasi. "Ulivyoandika kuhusu duara, nimekuheshimu. Lakini mashine yetu ina foleni ya visahani, mtu akirudi mara arobaini kila kitu kinasimama. Mwakani tutatuma vingine. Ukiomba, niletee picha mbaya. Umenisikia? Ile mbaya ya kwanza."

"Nimesikia, madam. Asante."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na gorogoro mkononi.

"Wamekuchukua?"

"Hapana."

"Wamesema kwa nini?"

"Kuna kitu nilikiona, sikukiandika."

"Si ungeandika tu, mami," akasema, taratibu, kama mtu anayeonyesha mwenzake kitu kilichoanguka chini. Kisha akarudi kwa mteja, na mimi nikabaki na magunia.

Jioni ile nilimwandikia ujumbe yule mwanamke kumuuliza kama ana hakika kuhusu pengo, isije ikawa alikuwa anazungumzia kipande cha mtu mwingine. Niliufuta. Niliuandika tena, nikarekebisha salamu, nikautuma kabla ya kuusoma. Jibu lilikuja asubuhi, mama akifungua duka. Lilikuwa neno moja: "Lilikuwepo."

Nililisoma mara moja, nikaiweka simu ndani ya droo, nikaifunga. Nikapanga magunia mawili. Kisha nikaifungua droo.