Mama Mkwe wa Kupima Unga

Mwaka ule tulikula mahindi ya njano. Sisi wa Kitale, tuliozoea kulisha wengine, tulipanga foleni tupimiwe mahindi yaliyokuja na meli, ugali wake unanuka gunia. Ukiona mtu wa wilaya yetu ya Trans-Nzoia anakula hiyo, jua mvua imemtukana kweli.

Mwaka huohuo ndio nilijua kusoma. Utotoni niliishia darasa la pili, nikatolewa nilee wadogo zangu. Herufi nilizipata ukubwani, darasa la ngumbaru pale Matisi, nikiwa na watoto sita. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi. Tulikisoma kwa zamu, na kila aliyemaliza aliandika maoni yake kwenye daftari. Kisha vyote viwili vilifungwa kwa kamba, vikaenda na mama muuza vitunguu hadi Kamukuywa, kwa akina mama wa ngumbaru wa huko. Nao walitujibu: "Wewe wa Matisi uliyemsifu bwana arusi, ulisoma ukisinzia?" Tulicheka mpaka machozi. Siku hizi wajukuu wangu wananionyesha kwenye simu watu wasiojuana wakigombana juu ya kitabu. Wanadhani wameanza wao.

Kwenye hadithi ile kulikuwa na mama mkwe aliyempimia mke wa mwanawe unga kwa kikombe, halafu anaficha debe chini ya kitanda. Nilipofika hapo damu ilinichemka. Mama wa mume wangu, Mungu amrehemu, alinipimia hivyohivyo. Nikashika penseli, nikaandika, na jina langu chini: "Mama mkwe wa kupima unga ni askari jela. Msichana arudi kwao." Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza maishani ambayo sikuinakili ubaoni.

Daftari likaondoka. Siku ya tatu, nikipepeta maharagwe, nikakumbuka. Msichana wangu wa kwanza ameposwa Kamukuywa. Mama ya huyo kijana anasoma ngumbaru. Na tulipoenda kuwaona alipima unga kwa kikombe mbele yetu, maana mwaka ule nani hakupima?

Ungo uliniponyoka.

Wiki mbili zikapita. Kila siku ya soko nilimngoja mama wa vitunguu barabarani. "Bado wanasoma," ananiambia. Wanasoma nini siku zote hizo? Binti yangu alikuwa ameshashonesha gauni. Nilipomweleza alilia.

"Mama, si uandike ingine! Daftari likirudi, hiyo ufute."

"Sifuti. Nilisoma kwa macho yangu mwenyewe."

Nilisema kwa sauti kubwa, lakini siku ya soko nilikuwa tena barabarani.

Jumamosi mama ya kijana akaja mwenyewe, daftari kwapani. Kiti alikikataa.

"Mkwe, ati mimi ni askari jela?"

"Si wewe. Ni yule wa kitabuni."

"Yule wa kitabuni anaishi wapi? Nani amewahi kumwona? Mwenye kikombe ni mimi, na Kamukuywa yote inajua. Sokoni wananisalimia 'Afande,' bana!"

Ningecheka, lakini binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai ambayo hakuna mtu angekunywa.

"Niliandika nikifikiria mama wa mume wangu," nikasema. "Aliyelala njaa ni mimi."

Akakitazama kile kiti. Nilidhani ataketi. Akafungua daftari mezani, ukurasa wangu umeshakunjika kwa kushikwashikwa, akaweka raba juu yake.

"Basi futa, mkwe, yaishe. Mwezi ujao tunaleta ng'ombe wa mahari. Usipofuta, hatuji."

Binti yangu aliniangalia. Chai ilikuwa ikimwagika kidogokidogo miguuni mwake na hakusikia moto. Niliyasoma yale maneno yangu tena, moja moja, kwa kidole. Halafu nikaisukuma raba upande wake.

"Sifuti. Nilisoma kwa macho yangu mwenyewe."