Asilimia haihesabu ng'ombe wa mtu

Saa tisa alasiri, Jumamosi, jua la kijiji cha Mitundu bado linachoma. Rebeka Mughwai anagonga chaki kwenye mlango wa stoo yake, ambao ameupaka unga wa betri kuukuu za redio ukawa ubao. Watoto wa darasa la sita na la saba wamekaa juu ya madumu, macho mbele.

"Mfugaji alikuwa na ng'ombe 40. Wamekufa wanane. Ni asilimia ngapi?"

Swali hilo ndilo lililomponza, na analirudia makusudi.

Rebeka, 43, ni mkulima wa alizeti na mwalimu wa tuisheni. Cheti cha ualimu hana. Alijitolea shule ya msingi kwa miaka kadhaa, kisha akaamua kufundishia hesabu nyumbani kwake. Mzazi hulipa Sh2,000 kwa mwezi, au kisado cha mahindi.

"Mimi mwenyewe nilianguka hesabu kidato cha nne," anasema, bila aibu hata chembe. "Swali lilikuwa la duka lililopunguza bei ya friji. Friji! Nilikuwa sijaliona hata kwa macho. Nikaapa watoto wangu watapiga asilimia kwa vitu wanavyovijua."

Na wanachokijua hapa ni ng'ombe. Tatizo ni kwamba baadhi ya wazee wa kijiji hawataki mifugo itajwe kwa idadi. Ukiihesabu kwa kinywa, wanasema, umeita balaa. Ukimuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi, atakujibu anao "wa kupatia maziwa", yakaishia hapo.

Haya basi. Siku chache baada ya Rebeka kuandika swali lile kwa mara ya kwanza, ugonjwa ukaingia zizini kwa Mzee Alute, mfugaji anayeheshimika. Ng'ombe wakafa. Umbea ukatembea kijiji kizima: mwalimu kawahesabia wenzake vifo!

Kati ya wanafunzi 25, kumi wakatolewa. "Asilimia arobaini ya darasa," anasema Rebeka, "na asilimia arobaini ya unga wangu." Ushauri ukamiminika: andika maembe, andika penseli, yaishe. Akagoma katakata.

"Nifute ng'ombe, nimwogope nani? Mtihani wa darasa la saba hauogopi mtu."

Kisha Mzee Alute akaja mwenyewe kumchukua mjukuu wake, Eliana, anayesoma darasa la saba. Rebeka alimwamkia shikamoo, akampa kiti, halafu akakaza uso.

"Mjukuu wangu anaondoka," mzee alisema. "Wewe binti unahesabu mali za watu."

"Babu, mimi sikuulizi unao wangapi. Niambie tu: katika kila watano, amekufa mmoja?"

Mzee alifikiri. "Mmoja. Ndiyo."

"Basi umepoteza asilimia ishirini. Haya, nimejua una ng'ombe wangapi?"



"Hujajua," mzee alikubali, shingo upande.

"Na sitajua! Asilimia haihesabu ng'ombe wa mtu. Inasema umeumia kiasi gani, idadi inabaki moyoni mwako."

Mzee aliondoka bila kuaga. Lakini aliondoka peke yake; Eliana alibaki kwenye dumu lake. Tangu hapo, saba kati ya wale kumi wamerudi. Watatu bado, na Rebeka anasema hambembelezi mzazi yeyote.

Leo Eliana ameleta swali kutoka nyumbani. Babu anauliza: amepoteza asilimia ishirini, zizi lililobaki likiongezeka kwa asilimia ishirini, atakuwa amerudi alipokuwa?

"Ndiyooo!" darasa zima linaitikia.

"Thubutu!" Rebeka anacheka. Anawapigisha hesabu ubaoni. Mia wakipungua ishirini wanabaki themanini. Asilimia ishirini ya themanini ni kumi na sita. Jumla, tisini na sita. Ili kufika mia, zizi liongezeke kwa asilimia ishirini na tano.

Eliana anakuna kichwa. Nani atamwambia babu kwamba bado hajafika?

"Akikasirika je, mwalimu?"

"Akasirike, kisha aje." Rebeka anapangusa chaki viganjani. Alizeti ikishavunwa, anafungua darasa la wazee, Jumapili mchana, hapahapa stoo. Viti ameshaviazima.

"Shikamoo nitawapa wote," anasema. "Lakini jibu halitabadilika."