Filimbi Niliyopuliza Kambini Nuu

Nilimwahidi binti yangu Mwende kwamba tungekwenda pamoja kwenye tamasha la muziki kule Nuu, tulale ndani ya hema siku mbili, kisha turudi pamoja. Hilo la kurudi pamoja ndilo alilolikazia. Mwende ana miaka kumi. Mimi ni fundi wa redio na spika, na nyumbani kwangu ni Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, ingawa mke wangu husema nyumbani kwangu hasa ni ndani ya mkoba. Anamaanisha mkoba wangu wa kijani wa turubai. Ukionekana begani mwangu, majirani huniuliza nitarudi mwezi gani. Mwaka jana, siku ya muziki shuleni kwa Mwende, nilitoka kidogo kununua betri, nikakutana na lori la rafiki likielekea Taveta. Niliporudi, Mwende alikuwa ameshaimba, ameshapigiwa makofi, na ameshaacha kunitafuta.

"Baba, hii ya Nuu hutaniacha?"

"Siwezi."

"Sema haki ya Mungu."

"Haki ya Mungu."

"Iandike kwa karatasi," mke wangu akasema akipepeta ndengu. "Hiyo ya mdomo tunaijua."

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Nilikuwa nimesikia kwamba Jumamosi kungechezwa mbeni, ngoma yetu Wakamba ya kuruka na kupinduka. Shule ya upili niliisomea upande wa Mwingi, na huko ndiko nilikokuwa kiongozi wa wachezaji wa mbeni, yule anayewaongoza wenzake kwa filimbi. Filimbi yenyewe bado ninayo, ya bati, imepauka kama sarafu ya kale. Niliivaa shingoni, ndani ya shati.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, Mama Kioko alitupigia honi. Ni jirani yetu, mfanyabiashara wa asali, mjane mwenye pikapu nyeupe anayeiendesha kama anayefukuza mbuzi shambani. Alikuwa akienda Nuu kununua asali na kusikiliza muziki, akatupa nafasi. Nyuma tulipakia hema la kuazima, mikeka, blanketi, jiko la gesi, madumu mawili ya maji na sufuria ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tayari yamepikwa. Nakushauri msomaji ufanye hivyo hivyo. Ukienda na watoto, chakula cha jioni ya kwanza kipike nyumbani, kwa sababu kupiga hema na kupika kwa wakati mmoja huleta ugomvi wa ndoa hata kwa mtu aliyekuja bila mke.

Kutoka Kibwezi tulikata kulia, tukavuka mto Athi jua likichomoza, tukapita Ikutha na Mutomo. Lami ni safi, mpaka nikakumbuka enzi tulipokuwa tukipita huku tukitafuna vumbi na hakuna aliyecheka. Mama Kioko alimpa Mwende simu amsomee ujumbe ambao waandaaji walimtumia kila aliyekata tiketi.

"Usije na chupa za kioo," Mwende akasoma. "Usiwashe moto wa kuni. Usipige hema kwenye mchanga wa mto. Mtoto avae bangili yenye namba ya simu ya mzazi. Usije na filimbi."

"Filimbi imewakosea nini?" nikauliza.

"Inasema filimbi tatu ndefu maana yake mtoto amepotea. Lango linafungwa, muziki unazimwa, kila mtu anashika mtoto wake."

Nikaigusa filimbi juu ya shati. Nikajiambia kuwa nayo si kuipuliza.

Saa nne tulifika Kitui mjini. Tulikunywa chai kwa maandazi, nikasema naenda dakika tano kumsalimia fundi mwenzangu. Unajua mafundi. Niliporudi chai ilikuwa imepoa, na Mwende alikuwa amekaa juu ya mkoba wangu wa kijani, ameukalia kabisa kama kuku juu ya mayai.

"Dakika tano za Kitui ni ndefu," Mama Kioko akasema. "Mtoto amekataa hata kwenda chooni. Anasema akienda, mkoba utaondoka."

Nilicheka. Mwende hakucheka.

Tulipita Mwingi na kuchukua barabara ya Nuu. Kadiri kilima cha Nuu kilivyokua mbele yetu, ndivyo nilivyozidi kushindwa kutulia kitini. Nilimwonyesha Mwende kila kitu: mizinga ya nyuki juu ya miti, mto wa mchanga usio na tone la maji juu ilhali ndani yake yamejaa, njia tuliyopita wanafunzi tukienda kucheza ngoma na viatu tumevibeba mkononi.

Saa tisa alasiri tulifika langoni. Mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye koti la manjano, jina lake Kasyoka. Alimfunga Mwende bangili ya kitambaa, akaandika namba yangu kwa kalamu isiyofutika, kisha akafungua mizigo yetu. Chupa mbili za asali za Mama Kioko zilibaki kwake.

"Nitazikuta?" Mama Kioko akauliza.

"Utazikuta, mwaitu, mama yangu. Kama zitapungua kidogo, ujue nilikuwa na kikohozi."

Shati langu hakulipekua.

Kambi yenyewe imepangwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Familia hulala upande wa juu, chini ya migunga, mbali na jukwaa, na muziki mkubwa huzimwa mapema. Vyoo viko upande upepo unakokwenda, si unakotoka, na aliyewaza hilo apewe zawadi. Hema lipige kwenye udongo mgumu na ulielekeze mlango magharibi, la sivyo jua la asubuhi litakuamsha kabla ya jogoo. Maji ya kuoga huchotwa kwenye visima vya mchangani, na desturi ya huku haijabadilika: ukifika, unakomba kwanza maji yaliyotuama, unasubiri mapya yajae, na ukimaliza unamwachia anayefuata kata na kisima safi. Mwende alijifunza kwa mara moja. Mtoto wa Kambu amezoea bomba, lakini alikomba kama aliyezaliwa pale.

Jumamosi kulipopambazuka, kambi nzima ilinukia chai. Asubuhi watoto walikuwa na hema lao, ambako mafundi waliwafundisha kuwamba ngozi kwenye ngoma ndogo. Mwende alishika kazi mpaka ulimi ukatoka nje. Mama Kioko akaniomba mkoba wa kijani aende nao sokoni alasiri kuleta asali; mifuko yake ilikuwa imechanika. Nikampa bila kuwaza.

Alasiri ngoma za mbeni zikaanza kulia. Nilikimbilia hema la watoto.

"Kaa hapa, nakuja."

"Unakuja saa ngapi?"

"Sasa hivi!"

Sijui niueleze vipi mlio ule. Ngoma kubwa inapiga tumboni, vijana wanaingia kwa safu, mavumbi yanapanda, mmoja anaruka, anapinduka hewani, anatua, na kundi zima linaitika. Nilisukumana mpaka mbele. Lakini kulikuwa na pengo. Kwa sababu ya ile sheria, kiongozi wao alikuwa akiwaongoza kwa kugonga vijiti, na kila walipofika pale pa kugeuka, pale ambapo mwili wangu ulijua filimbi inakuja, filimbi haikuja. Mbeni bila filimbi ni muthokoi bila maharagwe. Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya pili mkono wangu ulikuwa ndani ya shati. Mara ya tatu mrukaji mmoja wa kundi alipanda juu ya mabega ya wenzake, ngoma zikabana, nami nikapuliza. Mara tatu, ndefu, kama tulivyokuwa tukifanya shuleni.

Ngoma zikanyamaza. Spika zikanyamaza. Nilisikia lango la chuma likifungwa kwa kishindo. Pande zote wazazi walikuwa wakiita majina, wakiwakamata watoto, wakiwainua juu. Aliyekuwa kando yangu alinitazama, akaitazama filimbi mdomoni mwangu, akakunja ngumi.

"Wewe mzee! Wako ni nani amepotea?"

Nikafungua mdomo niseme hakuna. Kisha nikageuka kutazama hema la watoto, na kwenye nafasi ya Mwende kulikuwa na ngoma ndogo, ngozi imewambwa nusu.

Nilikimbia nikiita jina lake. Kisimani hakuwako. Hemani kwetu hakuwako. Watu walianza kuita pamoja nami, "Mwende! Mwende!", wageni ambao sekunde chache nyuma walitaka kunipiga. Simu yangu ikalia.

"Baba Mwende? Ni Kasyoka wa langoni. Njoo."

Nilimkuta Mwende amesimama mbele ya lango, ameshika vyuma kwa mikono miwili, uso umejaa vumbi na machozi yamechora njia. Aliponiona alishtuka, kama aliyemwona mtu akitokea upande usio wake.

"Niliona pikapu ikitoka," akasema. "Mkoba wako ulikuwa nyuma. Nikajua umeenda."

Nilipiga magoti mchangani.

"Alikuwa katikati ya watoto wa kwaya wanaoondoka," Kasyoka akanieleza. "Walibaki wawili tu mbele yake, angekuwa ametoka. Filimbi ikalia, nikafunga. Nani amepuliza?"

Nikaitoa.

"Mtu mzima, ndevu zina mvi, unachezea kitu kama hiki?"

"Ni mbeni, mwaitu. Ilinishinda."

"Ya Mungu mengi," akasema. Akaichukua filimbi, akaivisha shingoni mwa Mwende. "Weka wewe. Baba yako ndiye hupotea."

Wachezaji walinitoza faini yao: nicheze. Na miaka yangu arobaini na sita nilijaribu kupinduka, nikatua kwa makalio, na kambi nzima ikacheka, hata yule aliyetaka kunipiga. Mwende alicheka mwisho, lakini alicheka.

Jumapili asubuhi kulikuwa na ibada chini ya migunga, nyimbo za Kikamba bila spika, na baada yake tukakunja hema. Mama Kioko, aliyekuwa amerudi na mkoba wangu unanata asali kila pembe, akaniambia kuna dereva anakwenda Kyuso, anatafuta fundi wa spika, kazi ya wiki moja tu. Miguu yangu ilisikia kabla ya masikio. Nikamwona Mwende ameacha kukunja mkeka. Aliweka filimbi mdomoni, hakuipuliza, akanitazama.

Nikaurusha mkoba nyuma ya pikapu ya Mama Kioko, nikapanda, nikamnyooshea mkono.

Tulifika Kambu jua likizama. Mke wangu alitazama nyuma ya pikapu, akatazama mbele, akahesabu watu, akaenda kuongeza unga kwenye maji.

Wiki iliyopita nilichukua mkoba niende soko la Kibwezi. Sikufika mlangoni. Nyuma yangu zililia filimbi tatu ndefu, na mke wangu akafunga lango kwa komeo. Nikarudi, nikakaa kitini, nikamwambia Mwende ninakokwenda, kwa nani, na saa nitakayorudi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama saa ya ukutani, kisha akamwambia mama yake afungue.

Nilirudi mapema kwa dakika ishirini. Alikuwa amekaa langoni.